Ua la Bahari Ndani ya Chupa ya Betri

Harufu ya makapi ya mkonge haisahauliki. Mtu aliyekulia katika kambi ya wafanyakazi wa mkonge upande wa Ngombezi, nje kidogo ya Korogwe, unaweza kumfunga macho leo na kumzungusha nchi nzima, lakini ukimpitisha karibu na lundo la makapi mabichi yaliyotoka kiwandani atakuambia hapa ni nyumbani. Ni harufu ya uchachu, kama togwa lililosahauliwa jikoni wiki nzima, na hukaa kwenye nywele, kwenye shuka, hata kwenye ugali. Mimi niliizoea. Nilichoshindwa kuzoea ni harufu ya pili, iliyoingia nyumbani kwetu nilipokuwa na miaka kama kumi, katika miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Ilikuwa harufu ya bahari. Ilitoka kwenye chupa moja kubwa ya kioo iliyowekwa chini ya dirisha la chumba cha mbele, na pamoja nayo aliingia mwanamke niliyemchukia kabla sijajua jina lake. Nasema nilimchukia, na sitafuti neno laini zaidi. Watu wakizeeka hupenda kuyapaka mafuta mambo yao ya zamani ili yang'ae. Mimi ya kwangu nayaacha na vumbi lake.

Baba yangu, Mhina, alikuwa fundi wa injini kiwandani. Sisi ni Wazigua wa Misima, huko Handeni, na baba alihamia kambini kufuata mshahara kabla sijazaliwa. Mama yangu alitoka Kwaluguru. Walipoachana, mama alifunga mzigo wake akarudi kwao, nami nikabakizwa kwa baba kwa sababu shule ilikuwa karibu, ndivyo nilivyoambiwa. Haukupita mwaka, baba akaenda Tanga na kurudi na Mwanasha, binti wa kijiji kimoja cha pwani kaskazini ya mji, ambako wanawake hushuka miambani bahari ikitoka, kutafuta pweza na chaza. Siku ya ndoa, mbele ya wazee wa pande zote mbili, Mwanasha aliweka sharti moja juu ya mahari. Alisema bara atakwenda, ugali wa bara atakula, vumbi la mkonge atalimeza, lakini atakwenda na kipande cha bahari yake kilicho hai. Na siku kitakapokufa mikononi mwa watu wa nyumba ya mume wake, atarudi kwao wala asifuatwe. Wazee walicheka. Baba naye akacheka, akakubali. Mwanasha hakucheka, na kipande chenyewe kilikuwa ua la bahari.

Ua la bahari si ua, ni mnyama. Lina mguu mmoja mnene unaoshika jiwe, na juu lina vidole vingi laini vinavyoyumba majini, na katikati ya vidole pana mdomo. La kwetu lilikuwa la kahawia, ncha za vidole zikiwa za zambarau, na likifunguka lilitosha kufunika kisahani cha kikombe. Ukiligusa, linafumba na kuwa donge kama nyanya chungu. Baba aliomba kiwandani chupa moja ya betri, zile za kioo kizito zilizopangwa mstari katika chumba cha umeme. Hiyo moja ilikuwa imemeguka mdomo na haikutumika tena. Aliisugua kwa majivu, akaijaza maji na kuyamwaga kwa wiki nzima, mpaka alipoamini kwamba tindikali yote imetoka. Maji ya bahari yaliletwa kwa gari moshi. Gadi mmoja wa treni ya Tanga, rafiki yake baba, aliteremsha debe moja lililofunikwa kwa gunia pale stesheni ya Korogwe kila baada ya wiki mbili, na baba akalibeba kwa baiskeli. Mwanasha alimwaga nusu ya maji ya zamani na kutia mapya, mpaka kwenye alama ya rangi nyekundu aliyoichora ubavuni mwa chupa. Kila siku aliyachota kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, ili yapate pumzi. Kila baada ya siku mbili alililisha ua lake kipande cha samaki wa mtoni kisichozidi punje ya haragwe. Mimi nilitazama haya yote nikiwa nimenuna, na nikawa najua kila hatua yake kuliko nilivyojua jedwali la kuzidisha.

Sikuwahi kumwita mama. Nilimwita "wewe", na baba akiwepo sikumwita chochote. Shikamoo ya asubuhi niliitoa nikiwa nimegeukia ukuta, naye aliiitikia akiwa amegeukia chupa yake. Alipika vizuri, na hilo nalo lilinikera, maana nilikula mpaka sahani ikang'aa huku moyoni nikimlaani. Naye hakuwa malaika. Alinichana nywele kana kwamba anang'oa magugu, aliniita kinyago cha Misima, na mbele ya majirani alisema watoto wa bara hulelewa na mbuzi. Jirani yetu mmoja, Mama Selina, ndiye aliyenisimulia lile sharti la siku ya ndoa. Alinisimulia kwa kicheko, tukiwa kwenye foleni ya maji. Nilirudi nyumbani na ndoo kichwani nikipanga mambo kitoto: ua likifa, Mwanasha anaondoka, Mwanasha akiondoka, nafasi inabaki wazi, nafasi ikiwa wazi, mama yangu anarudi kutoka Kwaluguru. Niliyapanga mara tatu kabla ya kufika mlangoni, na sikuona kosa lolote.

Nilingoja Jumamosi moja Mwanasha alipokwenda sokoni Korogwe mchana. Nilikunja mkono wa gauni, nikaingiza kijiko cha bati majini, nikakisukuma chini ya mguu wa lile ua. Nilidhani litabanduka kama uyoga. Halikubanduka. Lilijikaza jiweni kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa kitu laini namna ile, na kadiri nilivyokandamiza ndivyo lilivyozidi kung'ang'ania. Kisha kitu kikachanika. Sikusikia sauti, ila nilikihisi kwenye mpini wa kijiko. Upande mmoja wa mguu ulifunguka, na kipande cheupe cha nyama kikabaki jiweni peke yake. Ute kama wa yai ulitoka ukaelea. Vidole vyote vikaingia ndani. Nilitoa mkono majini haraka, wala si kwa huruma. Niliogopa kwamba halijafa.

Mwanasha aliporudi alitua kapu, akatazama chupa, akatazama kijiko nilichokiosha na kukisahau kikiwa na maji, akatazama mkono wa gauni langu. Nilijiandaa kwa fimbo. Fimbo ingenifaa sana, maana ningempelekea baba alama zake. Badala yake aliketi sakafuni mbele ya chupa, akakaa hapo mpaka miguu yangu ikachoka kusimama.

"Bibi yako wa Misima alinieleza desturi ya ukoo wenu," alisema hatimaye. "Kwenu aliyejeruhi ndiye anayeuguza. Kweli au uongo?"

Nikakitazama kijiko.

"Nakuuliza wewe, Zaina. Kweli au uongo?"

"Kweli."

"Basi umejeruhi wewe, utauguza wewe. Baba yako sitamwambia. Na likifa, limekufia wewe, halikunifia mimi."

Hakuna adhabu niliyoichukia kama ile. Katika ukoo wetu ilikuwa hivyo tangu zamani: ukimkata mwenzako kwa jembe, ukampasua kwa jiwe, ukamwangusha mtini, hupigwi wala hutukanwi, unakabidhiwa mgonjwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilimrushia binamu yangu jiwe kule Misima, likamchana paji la uso. Bibi, mama yake baba, alinifanya nimnyweshe uji asubuhi na jioni kwa siku nane. Yule binamu, ambaye mikono yake ilikuwa mizima kabisa, alikuwa akifungua mdomo kama kinda na kulalamika kwamba uji una moto. Na mgonjwa akikufia, jina lako limeharibika. Wazee hawakumpa mtu wa namna hiyo hata mbegu za kuwatunzia. Mwanasha alifika Misima mara moja tu, wiki ya kutambulishwa, na katika mambo yote aliyoyasikia huko alichagua kubeba hilo. Mgeni alinifunga kwa kamba ya kwetu, na fundo nililijua mwenyewe.

Kwa hiyo nikauguza. Kila asubuhi kabla ya shule na kila jioni baada ya shule niliosha mikono kwa majivu, maana sabuni alisema ni sumu, nikachota na kumimina vikombe mia moja vya pumzi. Niliuondoa ule ute kwa unyoya wa kuku, taratibu, nisiguse jeraha. Nilitundika kanga dirishani ili jua la mchana lisilichome. Samaki sikuruhusiwa kulilisha mpaka siku ya kumi, na siku hiyo lilikitema kipande changu nikaona ni dharau. Mwanasha alisimama nyuma yangu muda wote. Hakunisaidia hata kidole. "Mkono mzito huo," alisema. "Humimini uji wa mbwa hapo." Nami nilijibu kwa kuyamimina polepole zaidi, nikivuta kila kikombe, ili achelewe kwenda jikoni. Baba alituona tumeinamia chupa moja asubuhi na jioni, akafurahi. Alimwambia Mama Selina kwamba sasa tumeanza kupatana, maskini.

Wiki ya tatu jeraha lilianza kujifunga, kingo zake zikikutana kama mdomo wa mfuko uliovutwa uzi. Lakini ua lenyewe lilikataa kufunguka. Lilisinyaa. Donge lililokuwa kama nyanya chungu likawa kama tende, ngozi imekunjamana. Ilikuwa kiangazi, na chini ya bati la nyumba za kambi joto lilitosha kuanika mtama ndani. Maji ya chupa yalishuka upana wa vidole viwili kila baada ya siku chache. Kabla ya jeraha, Mwanasha alikuwa akimwaga nusu ya maji ya zamani kila debe lilipofika. Sasa alipiga marufuku kumwaga hata tone. Mgonjwa, alisema, habadilishiwi kitanda. Maji yakipungua, aliongeza ya debe mpaka kwenye alama nyekundu, yakipungua tena akaongeza tena, na kila alipoongeza ua lilizidi kunywea. Akaacha kunitukana. Akawa anakaa kwenye kigoda karibu na chupa mchana kutwa, mikono mapajani. Siku moja nilirudi shuleni nikaona sanduku lake la bati limevutwa kutoka uvunguni, na kanga zake mbili zimekunjwa juu yake.

Hicho ndicho nilichokuwa nimekiomba. Nililitazama lile sanduku kama mtu anayetazama mtego wake ukinasa. Jioni ile nikaendelea na vikombe vyangu kwa sababu hakuna aliyeniambia niache, na katika kumimina tone moja likaniruka mdomoni. Lilikuwa chungu. Maji ya bahari nilikwisha kuyaonja, mtoto gani angekaa karibu na chupa ile asiyaonje, lakini haya hayakuwa yale. Yalikwangua ulimi. Nikaenda kwenye debe nyuma ya mlango, nikachovya kidole na kulamba: chumvi ya kawaida. Nikarudi chupani, nikalamba: uchungu. Na hapo nikamkumbuka bibi kule Misima. Bibi alikuwa akipika chumvi ya majivu, ile ya kutilia mboga. Alichuja maji kwenye majivu, akayaweka motoni kwenye chungu kilichovunjika shingo, nasi watoto tulionjeshwa kila yalipopungua. Mara ya kwanza unakunja uso kidogo. Mara ya tatu unakimbia. Kinachotoka na mvuke ni maji, chumvi haiendi popote.

Nikaelewa palepale, nikiwa na kidole mdomoni. Mwanasha alikuwa akilipika ua lake. Mtoto wa bara aliyeonja chungu cha bibi yake angeligundua jambo hilo siku ya kwanza, lakini mtu wa baharini angeligunduaje? Bahari haipungui. Tangu azaliwe hakuwahi kumwona mtu akiiongezea bahari maji ya mtungi. Kwake yeye maji ya mto ndiyo yaliyokuwa kifo, na kabla ya kutia hata kijiko kimoja angekata mkono wake. Kwa hiyo haikunibidi kufanya lolote. Ilinibidi ninyamaze tu. Ua litakufa kwa mkono wake mwenyewe, sanduku litafungwa, na mama yangu atarudi.

Nilinyamaza siku moja nzima. Sitasema nilishindwa kwa sababu ya upendo, maana sikuwa nao. Mwanzo nilishindwa kwa hasira. Siku ishirini na zaidi nimeambiwa mkono wangu ni mzito, siku ishirini nimeondoa ute kwa unyoya, na jeraha lile lilikuwa limefunga kwa kazi yangu. Sasa mgonjwa wangu aniharibikie kwa sababu ya ujinga wa mtu mwingine, halafu isemwe amenifia mimi? Hilo lilinichoma kuliko sanduku lilivyonifurahisha. Na chini ya hasira palikuwa na kitu kingine ambacho nilikiona siku ya pili, nilipoinamia chupa na kukuta kidole kimoja cha ua, kimoja tu, kimetokeza nje kama mtu anayepunga mkono mlangoni. Nikaenda kwenye mtungi. Nilitia kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, polepole, Mwanasha akiwa jikoni. Siku ya tatu alinikuta.

"Unatia nini humo?"

"Maji ya mtungi."

Lile kofi lilinipata sikio la kulia, nikaona nyota mchana kweupe. Kikombe kiliruka kikagonga ukuta.

"Unaliua! Wiki tatu nakuachia mikononi mwako, kumbe bado unaliua!"

"Wewe ndiye unaliua!" nilipiga kelele. "Onja! Onja maji yako kama si nyongo! Ningetaka life ningenyamaza tu, uondoke, mama yangu arudi!"

Alisimama akihema. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, na sauti hiyo ndiyo iliyoniumiza: "Mama yako harudi. Kaolewa huko Kwaluguru tangu mavuno. Baba yako kakataza usiambiwe."

Sikio langu lilikuwa linalia lenyewe. Nilimwona Mwanasha akijifunika mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyetaka kuyarudisha maneno ndani, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Baadaye akachovya kidole kwenye chupa, akalamba. Akaenda kwenye debe, akalamba. Akarudi chupani, akalamba tena, na uso wake ukabadilika taratibu. Aliokota kikombe, akakisuuza, akakijaza mtungini kwa mkono wake mwenyewe, akaniletea nilipokuwa nimeketi sakafuni nikilia.

"Taratibu," alisema. "Kimoja kimoja, kama ulivyokuwa ukifanya."

Sikio lilitoa usaha kwa muda wa mwezi na zaidi. Mwanasha hakuniomba radhi. Asubuhi ya kwanza aliniita kabla ya uji, akakilaza kichwa changu pajani mwake kwa nguvu, akalisafisha sikio kwa pamba na kutia tone la mafuta ya nazi ya uvuguvugu aliyoyapikia kitunguu saumu. Kesho yake hivyo hivyo. Mkono wake ulikuwa mzito, nami nikamwambia ni mzito. Akaendelea kutia mafuta. Ilinichukua siku kadhaa kutambua anachokifanya. Alikuwa amejeruhi, na sasa anauguza. Desturi ya ukoo wetu, anaifuata mtu wa kuja, wala hakuna mzee aliyemlazimisha. Nililala pale pajani nikiwa nimeuma meno, uso wangu umeelekea kwenye chupa. Ndivyo nilivyokuwa asubuhi ua lilipofunguka. Vidole vilitoka kimoja kimoja, kisha vyote, na zile ncha za zambarau zikaanza kuyumba. "Limefunguka," nilisema. Akasema, "Nimeona. Tulia, mafuta yanamwagika." Nilifurahi. Nimeahidi kutopaka mafuta, basi na hili niliseme lilivyo: nilifurahi mpaka nikamkasirikia kwa kuwepo pale kuniona.

Kuhusu lile jeraha jingine, la habari za mama, halikuwa na tone la kutia. Lakini mvua za vuli zilipokwisha, baba alitangaza huku akiangalia chini kwamba Mwanasha atanipeleka Kwaluguru. Nilijua si fikra yake. Tulipanda lori mpaka Handeni, tukatembea. Mama yangu alikuwa na ujauzito mkubwa. Alinikumbatia akalia, akanipikia, akanipa kuku wa kurudi naye, na mume wake alinisalimu vizuri, na nilipokaa katika uwanja wa nyumba ile niliona kwa macho yangu kwamba hakuna nafasi iliyokuwa ikinisubiri popote. Mwanasha alikaa barabarani, juani, kutwa nzima. Aliitwa akakataa, akaletewa maji akakataa. Nilipotoka hakuniuliza chochote. Alichukua yule kuku akambeba yeye, kwa sababu mimi nilikuwa sioni vizuri njia kwa machozi.

Nimesahau kusema kwamba kile kipande cheupe kilichobaki jiweni siku ya kijiko hakikufa. Kilijikunja, kikawa kama kichwa cha kiberiti, na siku moja kikatoa vidole vyake, vidogo kama nyusi. Mwanasha alikigundua kabla yangu. "Hilo ni lako," alisema. "Likifa usije kunililia mimi." Basi tukawa kila mtu na lake katika chupa moja, na kila mtu akililisha lake, na tuligombana karibu kila siku kuhusu nani anamwaga maji kwa fujo na samaki wa nani ameoza. Baba alisema nyumba yake haijapata kimya tangu bahari ilipoingia.

Mwaka wa tatu baba aliacha kazi kambini, akaamua turudi Misima kulima. Misima hakuna reli, na bila reli hakuna debe. Mwanasha hakubishana. Aliyahamisha maua yote mawili kwenye sufuria pamoja na mawe yao, akafunga kifuniko kwa kitambaa, na sisi wawili tukapanda treni kwenda Tanga na kutoka hapo kijijini kwao. Bahari ilikuwa imetoka. Aliingia miambani kwa mwendo ambao sikuwahi kumwona nao kambini, kama mtu anayetembea chumbani kwake gizani, akachagua kidimbwi, akaliweka la kwake. Mimi nilikwenda mbali kuchagua changu. Sikutaka la kwangu liwe jirani na la kwake. Nilipogeuka nilimwona amesimama ameelekea nyumba ya mama yake, ambayo ilikuwa hatua chache tu juu ya mchanga, moshi wa jikoni ukitoka. Nikalikumbuka sharti. Ua halikufa mikononi mwetu, kweli, lakini kipande chake cha bahari kilikuwa kimekwisha kurudi, na yeye mwenyewe alikuwa kwao. Ni kitu gani kingemrudisha bara? Nilisimama na sufuria tupu, na nikagundua kwamba miaka yote ile ya kumtakia aondoke sikuwa nimewahi kufikiri namna ya kumzuia. Aliinama, akaosha miguu mchanga, akakamua pindo la kanga.

"Unangoja nini?" aliniuliza. "Treni itatuacha."

Njia nzima ya kurudi tuligombea dirisha.

Siku hizi mambo haya yamekuwa mepesi. Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu maua ya bahari yaliyofugwa na watu wasio na bahari, katika masanduku ya kioo yenye taa na pampu, na kifaa cha kupimia chumvi. Nikamwambia kipimo chetu kilikuwa ulimi. Alicheka, hakuamini. Simu huiweka sikio la kushoto, maana la kulia halijawahi kusikia sawasawa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Na watu wa sasa wakijeruhiana, hutumiana ujumbe wa samahani wenye vikatuni, yakaisha, au yasiishe. Mimi na Mwanasha hatukuwahi kutamkiana neno hilo mpaka mwisho. Aliugulia kwangu miezi saba, nikamsafisha, nikamlisha, naye aliniambia hadi wiki ya mwisho kwamba mkono wangu ni mzito.

Alipofariki walikuja jamaa zake kutoka pwani, watu wa heshima, wamekodi gari. Walisema kwa upole kwamba marehemu ni mtu wa baharini, na kwamba kuna sharti la zamani wanalolijua wazee, kuwa akimaliza na sisi atarudi kwao wala asifuatwe. Wanaume wa ukoo wetu walitazamana. Hoja ilikuwa nzuri na gari lilikuwa mlangoni. Nikatoka ndani, mikono bado ina majivu niliyonawia, nikasimama katikati ya mlango huo. Nilijua sheria ya sharti lile kuliko wote waliokuwepo, maana ni mimi niliyetaka litimie, na ua halikutufia. Nikawaambia wageni poleni na safari, uji upo, lakini huyu haondoki.